Istahil Ameuma Tena

Jana baada ya swala ya Alasiri, Guleid alifika kijiweni kwetu hapa mtaa wa Waberi amenuna, akaketi bila hata kuagiza kahawa. Mwalimu wa kituo cha kulea watoto alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: Istahil, binti yake wa miaka mitatu, ameuma mwenzake, mara ya nne wiki hii. Kundi lenyewe limejaa shangazi na wajomba wasio na mtoto pale. Shangazi mmoja akaurusha ujumbe hadi Diff, kule mpakani, na wazee wa huko wakaanza kupiga simu kuuliza kama kuna fidia. Guleid akazima simu.

— Aibu ya mtoto yangu inasikika mpaka mpakani, akasema. Si angeniambia kando?

Golicha, tunayemwita Dokta kwa kuwa anauza dawa za mifugo, alisema mwalimu angeandika barua. Nikamkumbusha kwamba barua ya mwisho kutoka kituoni mama Istahil aliiwashia jiko. Basi apige simu, akasema Dokta. Abdinasir akakataa kabisa. Huyu ndiye Waziri wetu, ingawa hajawahi kushinda hata uchaguzi wa kamati ya maji. Simu haina shahidi, alisema. Mwalimu aende kwa chifu, chifu aite wazee wa pande zote mbili, achinjwe mbuzi, ndipo mzazi aambiwe.

— Na kama mtoto amejikojolea tu? nikauliza.

— Mbuzi mdogo, akajibu Waziri, na wala hakucheka.

Dokta naye akaja na lake. Watoto wapakwe rangi mgongoni, namna anavyopaka mbuzi aliowadunga sindano: nyekundu ameuma, kijani amekula vizuri. Mzazi ataona akiwa mbali.

— Wallahi, mtoto yangu si mbuzi, akasema Guleid.

Walinichosha. Watu wazima, mmoja ana wajukuu, na saa nzima imekwisha kwa rangi.

Tukiwa hapo akatokea mwanamke ametapakaa vumbi mpaka magotini, Istahil amelala begani kwake. Alikuwa Arbia, mwalimu mwenyewe. Guleid akasimama na malalamiko yake, lakini hakupewa nafasi.

— Baba Istahil, simu yako haipatikani, nimekuja kwa miguu. Huyu haumi ovyo. Anauma saa tisa, wenzake wakianza kuchukuliwa na yeye amebaki mlangoni na mkoba wake. Akiona mama ya mtoto anaingia, anauma huyo mtoto. Leo pia nimebaki naye peke yangu. Nilitaka kuuliza tu, zamu ya kumchukua ni ya nani?

Guleid alitutazama. Sisi tukatazama vikombe. Istahil akaamka, akamwona baba yake, akamshika kola ya shati kwa mikono miwili. Mwalimu akamkabidhi Guleid mkoba wa mtoto.