Gitaa Lisilegezwe Nyuzi

Sogeeni hapa karibu na mkeka, wewe IaTiut binti yangu, nawe Eliuda mtoto wa dada yangu, na huo mlango uacheni wazi niione njia. Nitasema moja kwa moja mpaka nimalize, kwa sababu nikinyamaza sitajua kama mmenijibu. Masikio yangu mnayajua. Mwenye neno anishike mkono.

Shamba la kakao ni la ukoo wa mama yangu, linarudi kwa Eliuda na dada zake, wala sitaki kusikia kwamba wanangu wamelifanyia ubishi. IaTiut, nyumba hii ya mabati ni yako, niliijenga kwa jasho langu baada ya majivu. Mikufu ya simbi, fedha yetu ya jadi, iliyo darini ikatwe na kugawiwa watu siku ya mazishi, kila mkono upate, hata wa wale wasionipenda. Hayo ni mepesi, yamekwisha.

Sasa kuna gitaa na rekoda.

Mnajua mlima wa moto wa Tavurvur ulipolipuka mwaka ule, kila mtu alibeba alichokiona cha maana. Mimi nilibeba gitaa mgongoni na rekoda mikononi, nimeizungushia chandarua. Mama yako, IaTiut, alikuwa na cherehani yake aliyoinunua kwa kuuza mayai ya wale ndege wanaotagia mchangani, aliyoyachimbua miaka minne, akaniuliza, "Hii nani ataibeba?" Nikamwambia tutairudia kesho. Paa la nyumba lilianguka usiku uleule kwa uzito wa majivu, na cherehani ikafukiwa humo. Aliishi nami miaka kumi na tisa baada ya hapo, akishona kwa mkono, wala hakuitaja tena hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Na kumbe nilibeba bure. Jivu liliingia kwenye rekoda na kanda zikaungua kwa joto. Eliuda, uliipeleka kwa fundi kule Kokopo, akabadilisha mpira wa ndani, na kanda moja tu ikakubali kuzunguka, nayo sauti inapanda na kushuka ovyo kama mtu anayezama. Ulikaa nayo wiki nzima ukitafuta humo tuni yetu, ule mkazo wetu wa nyuzi. Nilikuwa nakutazama na moyo wangu unauma, maana nilijua haimo, hatukuwahi kuirekodi.

Sikilizeni vizuri. Tulikuwa watano katika bendi yetu, na hakuna bendi pwani yote iliyotuni gitaa kama sisi. Tuni ile kaka yangu ToNgala aliiota, akaamka nayo, akatupa sisi wanne tu. Tukimaliza kupiga, kabla hata ya kunywa maji, kila mmoja alilegeza nyuzi zake zikaning'inia, ili mtu wa bendi nyingine akilishika gitaa asipate kitu. Kupiga tulipiga mbele za watu, kutuni tulitunia msituni. Tulijiona wajanja sana. Wenzangu walikufa mmoja mmoja, na kila msiba nilijiambia kwamba bado nipo mimi. Halafu masikio yakaanza kwenda, halafu mkono huu wa kushoto ukafa.

Jana mmeona wenyewe. IaTiut anakaza nyuzi, mimi nimeuma kichwa cha gitaa kwa meno nipate mtetemo wake kwenye fuvu. Uzi wa kwanza niliupata. Wa pili nilidhani nimeupata. Baada ya hapo nilikuwa natikisa kichwa tu ili msinihurumie. Sina tena tuni ile, wanangu. Imenitoka. Msinikazie macho hivyo, ndiyo hali yenyewe.

Nipe maji kidogo.

Eliuda. Wiki iliyopita ulinipigia gitaa hapahapa, umefurahi, ukaniandikia kwenye karatasi, "Mjomba, hii si ndiyo yenu?" Sikusikia, lakini niliviona vidole vyako, na vidole havinidanganyi. Hiyo si yetu. Hiyo ni ya Misiel ToKaul, na ToKaul nilimdanganya mimi.

Alikuja kwangu mama yake alipofariki. Ni shemeji yangu, ameoa dada yangu mdogo, huyo mama yako mdogo, amekaa pale mlangoni na mfuko wa popoo na chokaa ya kutafunia, ananibembeleza. "Shemeji, mama aliupenda sana muziki wenu. Nipe tuni nimpigie siku moja tu, nikimaliza nitalegeza." Nikamwambia, lete gitaa. Nikazungusha vigingi huku na huku bila hesabu, nikamkabidhi, nikasema, "Haya, usimwonyeshe mtu." Akanishukuru kwa mikono miwili. Siku ya mazishi alipiga wimbo wetu ukatoka kama sufuria zinazoanguka, na watu wakamcheka mbele ya maiti ya mama yake. Mmoja akamwuliza, "Misiel, hilo gitaa limemeza jongoo?" Nami nilicheka. Nilikuwa mstari wa mbele.

Hakuniuliza kitu. Alirudi kwake, na badala ya kulegeza zile nyuzi akaziacha vilevile, akahangaika nazo miaka, akitafuta nyimbo zinazoweza kukaa humo. Akazipata. Akafundisha wanawe, na yeyote aliyetaka. Leo vijana wote wanapiga hiyo, sokoni inalia kwenye simu zao, na wanaiita tuni yetu ya zamani, kwa jina la ndugu yangu ToNgala. Uchafu nilioufanya kwa dakika tano ndio umebaki. Ningekumbuka niliharibu nyuzi zipi ningezirudisha, ningewapa ya kweli. Nimejaribu usiku na mchana. Sikumbuki.

Naona aibu. Nawaambia hivyo hivyo, naona aibu, na hakuna la kufanya.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Gitaa ni lako, Eliuda, na usihangaike tena na ile kanda. Rekoda mpelekee ToKaul. Yuko hai, anatembelea fimbo. Mwambie yote niliyosema, usipunguze. Mwambie sikutuma mtu nikiwa mzima kwa sababu nilikuwa mwoga. Akitaka kuitupa baharini, mwache aitupe. Akikubali kuja kunizika, aje na wanawe, wapige kwa tuni yake, na asitokee mtu wa kusema imekosewa.

IaTiut, mama yako... nikizikwa, nisilazwe karibu naye bila kumwomba ruhusa. Nenda kaburini, muulize. Utajua namna ya kumwuliza.

Mungu awape masikio marefu. Awape watoto wasiofichana kitu. Mkipika, mle na jirani. Mimi... ngoja nipumue.

Eliuda, niwekee gitaa hapa kifuani. Hivyo. Piga ile ya ToKaul. Taratibu, mbavu zangu nyembamba.

Ndiyo. Naisikia kidogo hapa, kwenye mfupa.

Ukimaliza, usilegeze. Umenisikia? Nyuzi... ziache zilivyo. Mtu akipita... ashike tu.