Mpaka Mwisho: Fundi wa Vipaza Sauti wa Viwanja Viwili

Marehemu, ambaye baadhi yenu mlimwita Fundi na wengi zaidi mlimwita Mpaka Mwisho, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mpishi wa sabuni katika kiwanda hicho na mama yake alikuwa muuza maziwa. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo hakuongea hadi alipotimiza miaka mitatu, na majirani walipoanza kumpa pole aliwajibu: "Hana tatizo lolote. Anasubiri mmalize."

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, na akamaliza la saba mwaka 1965. Mwaka 1963 redio ya mwalimu mkuu ilizimika asubuhi ambayo shule nzima ilikuwa imepangwa mistari uwanjani kusikiliza hotuba. Walimu walipokuwa wakijadiliana nani atumwe kwa fundi, marehemu, akiwa na miaka kumi na miwili, aliingia ofisini, akaifungua redio kwa mpini wa kijiko na kuunga waya uliokatika. Hotuba ikasikika. Mchana huo alichapwa viboko viwili kwa kuigusa redio bila ruhusa, kisha mwalimu mkuu huyohuyo akamkabidhi aitunze. Baada ya miaka mitatu ya kujifunza kazi kwa fundi redio, aliingia chuo cha ufundi na kupata cheti chake Novemba 1970.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa na shirika la reli, idara ya mawasiliano, akapewa vipaza sauti vya stesheni. Kwa miaka ishirini na mitatu treni zilichelewa, lakini tangazo la kuchelewa lilisikika vizuri hadi chooni. Alipopunguzwa kazini mwaka 1994 hakukaa nyumbani mwezi. Alikodi chumba kati ya kinyozi na duka la madaftari, akaweka spika nne, mixa, amplifaya na jenereta, akaanza kukodisha vyombo kwa harusi, mahafali na mikutano ya hadhara.

Wakati huo alikuwa tayari mtu na familia yake. Tarehe 8 Desemba 1979 alikuwa amefunga ndoa na karani wa posta, ambaye leo ni mjane wake. Walikutana dirishani. Marehemu alikuwa akiagiza vipuri kwa barua, na karani alimrudishia fomu mara tatu kwa sababu hakujaza anwani ya mtumaji. Mara ya nne alimuuliza, "Kaka, huna anwani au huna macho?" Marehemu akamjibu kwamba anwani anayo, ila fomu ikikubaliwa hatakuwa na sababu ya kurudi. Ndoa yao ilidumu miaka arobaini na mitatu na nusu. Walijaliwa watoto wawili: wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1981, mtunza stoo katika ghala la saruji, na wa kike, aliyezaliwa mwaka 1984, mkunga katika zahanati ya mtaa.

Mji huu una viwanja viwili vya mikutano, na kila aliyekaa hapa anajua kwamba uwanja anaouendea mtu ndio unaotaja kura yake. Chama kimoja hukutana uwanja wa shule, kingine uwanja wa soko, na katikati kuna safu moja tu ya maduka. Watu wamezoea kuitana wa Shule na wa Soko kama vile ni koo. Kuna uchumba uliovunjika kwa sababu hiyo, na kuna ndugu wanaopishana barabarani kama hawajuani. Marehemu alizihudumia pande zote mbili kwa bei moja na masharti mawili: vyombo havizimwi mtu akiwa anaongea, na yeye mwenyewe haondoki mpaka msemaji wa mwisho ashuke jukwaani. Hapo ndipo jina la Mpaka Mwisho lilipotoka. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa pengine mtu pekee mjini aliyezisikia hotuba zote za pande zote, nzima.

Asubuhi baada ya kila mkutano, kinyozi jirani yake alikuwa na maswali.

"Fundi, wale wa Soko jana wametutukana sana, eti?"

"Hawakuwataja. Waliongea dakika arobaini kuhusu mfereji wa maji machafu."

"Wewe nawe! Video nimeiona mwenyewe."

"Ya muda gani?"

"Kama sekunde ishirini hivi."

"Basi umeona sekunde ishirini. Mimi nimekaa juani saa tatu."

Mteja aliyekuwa kitini, nusu kichwa kikiwa kimenyolewa, alimtaka aseme basi yeye binafsi anaona nani mkweli. Marehemu alimwambia amalizie kwanza kichwa, mambo mawili kwa wakati mmoja yatamshinda. Hakuwahi kusema yeye anaona nini. Alisema walichosema, kwa mpangilio waliousema, na anayetaka maoni alielekezwa kwa kinyozi.

Jumapili, tarehe 14 Oktoba 2018, wiki moja kabla ya uchaguzi mdogo, viwanja vyote viwili viliombwa na kuruhusiwa kwa saa zilezile. Marehemu alikuwa na seti mbili za vyombo, lakini alikuwa mtu mmoja. Yeye alikaa uwanja wa shule, ambako mwanawe wa kiume alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mkutano. Uwanja wa soko alimwachia binti yake, aliyekua katikati ya nyaya na ambaye, hata asingetumwa, angekuwa huko kwa hiari yake, kwa kuwa ni mtu wa Soko.

Kila seti ilikuwa na maiki moja isiyo na waya. Maiki hizo zilikuwa za aina moja na zilitoka dukani zikiwa chaneli moja. Kwa kuwa hazikuwahi kutumika zote mbili kwa wakati mmoja, marehemu hakuwa amezibadilisha. Saa tisa na robo alasiri, mgombea wa Soko alinyamaza kidogo anywe maji. Wakati huohuo mgombea wa Shule alipanda juu ya lori na kuwasha maiki yake, na sauti yake ikaruka juu ya maduka na kutokea kwenye spika za Soko.

Ilikuwa ni sauti nzito, tulivu, ikieleza kwamba zahanati ina mkunga mmoja na inahitaji watatu. Watu wa Soko walidhani ni makamu mwenyekiti wao anayeongea kutoka nyuma ya jukwaa. Walipiga makofi. Sauti ikaingia kwenye habari ya barabara ya mashimo, wakapiga tena, na mama mmoja akapiga vigelegele. Mambo yaliendelea hivyo kwa dakika nne, binti wa marehemu akitafuta waya wa kuchomoa, hadi sauti ilipotaja jina la chama chake. Kisha mawe yakaanza.

Spika mbili zilipasuliwa siku hiyo. Wa Soko walisema binti amenunuliwa na baba yake. Wa Shule walisema fundi ameiba hotuba yao na kuipeleka kwa wapinzani kabla haijaisha. Marehemu alisimama mbele ya duka lake Jumatatu asubuhi akamwambia kila aliyepita: "Kosa ni langu. Sikubadilisha chaneli." Hakuna aliyekubali. Kila upande ulikuwa umejiandaa kwa njama, na chaneli ilikuwa kitu kidogo mno.

Wala watoto wake hawakukubali. Mtunza stoo aliamini dada yake alifanya makusudi ili kuudhihaki mkutano alioupanga yeye. Mkunga, ambaye wenzake wa Soko walianza kumwita jasusi, aliamini kaka yake ndiye aliyeichezea mitambo. Waliacha kusalimiana. Kaka alijitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia, likabaki la watu wachache na picha za maua. Walikuja kwa wazazi kwa zamu, na wajukuu waliokuwa wakilala kitanda kimoja wakawa wanaulizana shuleni habari za babu. Marehemu alinunua spika nyingine. Hili la watoto alimwambia mkewe kwamba ndilo tengenezo pekee ambalo hajui aanzie wapi.

Februari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliwakabidhi vyombo mafundi wawili wa mtaa wa pili, kwa masharti yaleyale. Mwaka uliofuata bei ya unga ilipopanda, maandamano ya watu wa Soko yalianza kila Jumamosi mbele ya benki, na mikutano ya kuyajibu ikaanza kila Jumapili uwanja wa shule. Marehemu alikuwa kitandani, na hili lilimuuma kuliko sindano. Siku moja alimwita mwanawe.

"Jumamosi nenda kwenye maandamano."

"Baba! Mimi nikaandamane?"

"Nani kakuambia uandamane? Simama kando usikilize. Uniletee walichosema."

"Si nikusomee tu kwenye simu?"

"Simu ninayo. Nakuomba masikio."

Binti naye aliagizwa Jumapili. Alilalamika kwa mama yake kwamba baba sasa anawaonea, mama akamjibu kwamba mgonjwa haonei, anatumia nafasi.

Mtunza stoo alisimama penye ukuta wa benki, akarudi na karatasi iliyoishia kwenye hotuba ya mwalimu mmoja. Marehemu alisikiliza, kisha akauliza baada ya yule mwalimu aliongea nani. "Niliondoka, baba, jua lilikuwa kali." Marehemu akageukia ukutani. "Basi hujaenda."

Jumamosi iliyofuata, tarehe 29 Aprili 2023, mtunza stoo alibaki. Msemaji wa mwisho alikuwa mkunga. Alieleza kuhusu asubuhi moja zahanatini, wanawake wawili wakijifungua kwa wakati mmoja, vyumba viwili, na yeye peke yake koridoni akichagua mlango. Mama mmoja alipona na mtoto wake. Mtoto wa mama wa pili hakupona. Mtunza stoo alileta habari hiyo yote kitandani, kwa mpangilio.

"Nani aliyesema hayo?" marehemu aliuliza.

"Mkunga mmoja."

"Mkunga gani?"

"Baba, unamjua."

"Ninamjua. Wewe je, ulijua hayo yaliyompata?"

"Sikujua."

Ripoti ya binti ilikuwa fupi zaidi. Alikaa uwanja wa shule kwa saa tatu na dakika kumi, alisinzia wakati wa mweka hazina, na katika yote aliyoyasikia alikubaliana na moja, habari ya taa za barabarani. Aliongeza kwamba kaka yake alimwona amesimama, akamletea kiti na chupa ya maji, akaondoka bila neno. "Salamu kaninyima," alisema, "kiti kanipa." Marehemu alimtaka airudie sehemu hiyo.

Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, alilazwa. Saa nne asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule wa Oktoba, watoto wote wawili walikutana kando ya kitanda chake. Marehemu aliwauliza maandamano ya mwisho yalikuwa na watu wangapi.

"Elfu tatu," alisema binti.

"Elfu tatu wapi? Hata mia nane hamkufika!"

"Ulihesabia wapi wewe, nyuma ya benki?"

"Nilihesabu! Wewe ulikuwa jukwaani unaangalia mawingu!"

"Na nyinyi wa Shule mlioletwa na malori?"

"Lori moja! Na lilikuwa la viti!"

Muuguzi alikuja kuwatoa. Marehemu alimshika mkono. "Waache, sista. Karibu miaka mitano sijawasikia hawa." Walibishana hadi muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, na hawakukubaliana idadi. Walitoka kwa mlango mmoja. Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkewe akiwa amemshika mguu na watoto wake wakiwa upande mmoja wa kitanda, kwa sababu upande wa pili ulikuwa na mashine.

Mnajua kilichotokea juzi getini, kwa hiyo familia inaomba kisemwe wazi. Watu wa Shule walikuja na bendera ya kufunika jeneza, wakisema Fundi alikuwa wao. Saa moja baadaye walikuja watu wa Soko na ya kwao. Aliyetoka kuwakatalia wa Shule ni mtunza stoo, mtu wao. Aliyetoka kuwakatalia wa Soko ni mkunga, mtu wao pia. Wote waliambiwa kwa heshima wakunje bendera, waingie, wakae, na pande zote zimekaa hapa leo. Kuhusu marehemu alimpigia nani kura, watoto wamelizungumza kwa siku tatu, wamemuuliza na mama yao, na wamefikia jibu moja ambalo wanalisimamia pamoja: hawajui.

Marehemu ameacha mjane; watoto wawili, mmoja wa Shule na mmoja wa Soko, ambao wiki hii wamegombana kuhusu maturubai, idadi ya viti na urefu wa wasifu huu, na wamegombana wakitazamana; mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume; wajukuu watano; kaka mmoja na dada wawili; na kinyozi, ambaye ameomba atajwe.

Amemaliza kazi yake. Na apumzike sasa, kwa amani.