Mgomba wa Desderius

Marahaba, wanangu. Gidioni, keti, acha kusimama mlangoni kama mgambo. Zita, niinulie mto, nizungumze pumzi ingalipo.

Sikilizeni. Shamba la juu ni la Zita, la bondeni na nyumba hii ni vya Gidioni, na hapo sitaki kusikia neno. Kinachoninyima usingizi ni kile kipande cha mpakani, ambapo kamati ya Gidioni inataka kuwajengea mnara watu wetu wa Mbuba waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Mchoro nimeuona: askari wa saruji, bunduki mkononi, juu kabisa. Mtu atamtazama mpaka shingo imuume, kisha aende zake sokoni. Baba yenu Desderius hakuwa mtu wa bunduki, wanangu. Alikuwa mtu wa migomba.

Mwili wake haukuja. Wazee wakazika mgomba badala yake pale mpakani, kama ilivyo desturi, ila kwa haraka ya kilio wakauzika na mizizi yake, nao ukaota. Wengine walicheka, wengine wakaogopa. Mimi nilifurahi, nawaambieni kweli, nilifurahi mno. Ndipo ng'ombe wa Bulugu, jirani yetu Msukuma, wakala machipukizi, na tangu hapo nyumba zetu hazipeani hata moto. Mgomba ulichipua tena. Bulugu ndiye hajapona: mwanawe Mhoja alipanda lori moja na baba yenu asirudi, na mzee hana hata mgomba wa kulilia. Wanasema aijuaye adhabu ya kaburi ni maiti. Ya kukosa kaburi anaijua mzazi.

Basi mfuteni huyo askari. Lizungushieni shina lile mabenchi ya mawe, yatazamane, anayeketi amwone mwenzake usoni. Majina yachongwe chini, pasipo vyeo, mtoto ayapitishie kidole na kuuliza, "Huyu alikuwa nani?" nanyi mketi mumjibu. La Mhoja likae kando ya la baba yenu. Uzio msiweke.

Mkungu uliopo umekomaa. Mkiisha kujenga, upikeni, mkamwite Bulugu, aketi wa kwanza. Akisitasita, mwambieni mama yenu Adelfina ndiye... ndiye aliyemwekea nafasi. Nami mnizike jirani, nisikie watu wakizungumza.

Mungu awape... maji kidogo, Zita... awape majirani wema, nanyi muwe wema kwao. Na chipukizi moja, Gidioni... ling'oe na mizizi yake, umpelekee mzee... akampandie Mhoja.