Nywele Kavu za Mama Princess

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Nduruma hadi Maji ya Chai, acheni kazi kidogo, mkae nami. Leo tunamkumbuka Violet Sumari, msusi wa Sokon One. Wengi mlimwita Mama Princess. Tulimzika Jumamosi.

Princess alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa na usonji. Hakusema, na kichwa chake hakikuguswa na mtu ila mama yake. Alipofika miaka minane akaanza kuganda. Anasimama, macho wazi, hasikii akiitwa, kisha anaendelea na mchezo wake. Majirani wakasema ndivyo alivyo. Violet alilikataa neno hilo. Alitaka kujua kama ni kifafa.

Mwaka 1999 akapata nafasi ya kipimo cha mawimbi ya ubongo, hospitali ya mbali. Kabla ya safari alimsuka siku mbili, akampaka mafuta mpaka nywele zikang'aa. Mtoto wa msusi asingeingia kwa madaktari kichwa timtim. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Mpimaji, nyaya mkononi, akakitazama kile kichwa.

"Mama, huyu amekuja kipimo au kipaimara?"

"Kipimo, baba."

"Nyaya hazishiki kwenye mafuta. Nywele zinatakiwa kavu. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Akafumua pale pale kwenye benchi, Princess akilia, watu wakitazama. Alipomaliza, chumba kimefungwa. Wakapewa tarehe nyingine, miezi mitatu mbele.

Mwezi wa pili wa kungoja, Princess alikuwa kwa bibi yake, Maji ya Chai, kando ya mfereji. Bibi anasema mpaka leo: "Nilimwona amesimama, ameganda. Nikajua anasikiliza maji, atarudi. Nikainama kuchuma mnavu. Nilipoinuka, hayupo."

Mfereji ule uliomuua, wasikilizaji, maji yake hayafiki magotini.

Je, kilikuwa kifafa? Hakuna ajuaye. Kipimo hakikufanyika. Dada yake Violet, Paskalina, anasimulia: "Akiwa anasuka mteja, mara mikono inasimama. Anaitazama tu. Ndiyo iliyopaka yale mafuta."

Tangu hapo, mtoto yeyote wa mjini aliyeandikiwa kipimo kile alipitia kwake kwanza, aoshwe nywele. Mama mmoja, Najat, alimleta binti yake, Arafa, naye ana usonji, naye alikuwa akiganda. "Alimwosha mara tatu," anasema Najat, "halafu akamnusa kichwa, kama anatafuta mwizi."

Mawimbi ya Arafa yakakutwa hayako sawa. Daktari alieleza kwamba mawimbi peke yake si kifafa, lakini pamoja na kule kuganda, asingesubiri. Akampa dawa. Arafa hagandi tena. Najat alipopeleka habari hiyo, Violet alishukuru, kisha akauliza: "Mama Arafa, na habari za wangu nitamuuliza nani?"

Kwa mama mzazi, kwa Paskalina, kwa ukoo wote wa Sumari: poleni sana. Nawe mwenye mtoto anayeganda, usikubali kuambiwa ndivyo alivyo. Nawe unayemwandikia mgonjwa tarehe, ongeza maneno mawili tu: nywele kavu. Wino hautakwisha.

Nimalize kwa maneno ya Paskalina, aliyemwandaa marehemu.

"Tulimwosha nywele kwa sabuni, mara tatu. Mafuta hatukupaka. Aliagiza mwenyewe. Alisema safari hii asirudishwe mlangoni."