Gauni la Kijani Kwenye Filamu

Mimi nauza kahawa kwenye benchi la Fundi Cherehani, na leo wateja wangu wamenichosha. Tangu mchana ni filamu tu: ile ya mwizi anayejigeuza mara askari, mara daktari, mara bi harusi, na kila akikimbia anatumbukia kwenye beseni. Imeonyeshwa siku tatu, hakucheka mtu, na asubuhi hii ukumbi umeiondoa. Mavazi yote kashona Fundi. Amekaa hapa na futi ya kupimia shingoni, na jua la alasiri limetulegeza wote.

— Kosa ni la feni, akasema Dereva. Zilikuwa zinapuliza vicheko nje dirishani. Mimi nilivisikia barabarani nilipotoka.

— Acha uongo wewe! akadakia Profesa, aliyeacha shule darasa la nne. Watu walicheka, tena sana. Ila ukumbi mzima tulikuwa tumelala macho wazi. Vicheko vimebaki ndotoni.

— Basi tukalale, tukavichukue.

— Haya, cheka! Hata mwizi mwenyewe hakuwepo. Alijigeuza mpaka akasahau kwao.

Nikawamiminia. Hawa kwa uongo wao wangefika mpaka mwezini, ila Fundi alivua miwani.

— Pale mwishoni, mwizi alipojigeuza mama mwenye gauni la kijani. Mlimwonaje?

Dereva akafikiri.

— Ajabu, yule hakuanguka. Alipita tu uani, akaanua nguo, akaenda zake.

— Gauni lile sikulishona kwa ajili ya filamu. Ni la marehemu mke wangu. Nilimwambia mwigizaji, hili ukilivaa usianguke, pita polepole. Nilitaka nimwone tena akipita, jamani. Sasa najiuliza, nimemdhalilisha?

Kabla hatujamjibu, tukamwona dada wa marehemu anavuka barabara, anakuja moja kwa moja, na mama yule hana mzaha. Fundi akasimama.

— Shemeji, nimeambiwa dada yumo kwenye filamu.

— Nisamehe, shemeji. Ningekuuliza kwanza.

— Nikusamehe nini? Mama nimemwacha anavaa viatu, miaka mingapi hajatoka nje yule! Anasema na yeye akamwone mwanawe. Inaanza saa ngapi?

Tukatazamana. Filamu ilishaondolewa asubuhi, nani amwambie?