Mwalimu Aliyeogopa Darasa Likinyamaza

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Makelele, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe. Tangu utotoni alikuwa mwoga, na hakuona haya kusema hivyo.

Alianza shule mwaka 1958. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa na fimbo, na siku alipoulizwa jina lake, marehemu alilisahau kwa hofu. Muhula mzima alijificha chooni wakati wa hesabu. Hata uzeeni, akinusa chaki, alitafuta mlango kwanza. Na bado akaenda kusomea ualimu! Wenzake wakamuuliza kama amerogwa. Alipata cheti mwaka 1974.

Mwaka 1976 aliolewa na fundi cherehani, na miaka mitatu baadaye wakafungua chekechea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Pale hakuna mtoto aliyebanduliwa mikononi mwa mzazi. Mzazi alikaa ndani mpaka mtoto mwenyewe aseme, "Haya, nenda." Dereva mmoja wa lori alikaa wiki nzima, akatoka anazijua nyimbo zote.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Alilala chumba cha nyuma, na binti yake wa mwisho, anayewasomea haya, akaajiri mwalimu wa muda. Asubuhi moja ya Juni mwaka huu, kukawa kimya.

"Kuna nini huko?"

"Lala, mama. Wanasoma."

"Watoto wa miaka minne hawasomi hivyo. Niinue."

Alikwenda akishika ukuta. Watoto walikuwa wamekaa wima, na juu ya meza ya mwalimu palikuwa na fimbo.

"Umempiga nani?"

"Sijamgusa mtu, mwalimu. Nimeiweka tu."

"Basi umewapiga wote."

Mtoto mmoja alikuwa amejikojolea, na hakuthubutu kusema. Mwalimu yule aliondoka siku hiyohiyo. Lakini jioni wazazi walilalamika: watoto walikuwa wameanza kutulia, sasa ndiyo ilikuwa shule! Maneno hayo yalimtisha marehemu kuliko ugonjwa wake. "Nikifa wataitaka fimbo," alimwambia binti yake. "Na wewe, mwanangu, hujui kukataa." Na ilikuwa kweli.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Julai 2023.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na wanafunzi ambao Jumatatu watakuja mlangoni wakimtafuta. Jana, hapahapa msibani, wazazi watatu walimvuta binti yake pembeni: "Pole sana, dada. Ila yule mwalimu wa fimbo, mrudishe." Usiku kucha hakupata usingizi. Anawajibu sasa, mbele ya jeneza: hatamrudisha. Atakayemtoa mwanawe, amtoe.

Lala, mama. Umeogopa vya kutosha. Sasa ni zamu yetu.