Mama Kavu na Kiti cha Nyuma

Leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi wa sita, Mama Kavu anakabidhi ndoo zake baada ya miaka ishirini na sita ya kuosha magari ya ofisi hii. Wengi mlioshika kijitabu hiki mmepanda magari hayo. Yeye hajapelekwa popote na hata moja.

Nimepewa ukurasa huu kwa niaba ya madereva, nikaambiwa niandike ya kuchangamsha. Namshukuru Mungu, yapo. Yasiyochangamsha nayo yapo, na kuyaficha siku kama ya leo ningeona ni dhambi.

Jina lake tulimpa sisi. Gari halikutoka getini mpaka aulize, "Kavu?" Dereva alipaswa kupitisha kidole chini ya kioo cha pembeni, pale maji yanapojificha, ndipo ajibu, "Kavu, mama." Ukijibu kivivu alikukamata papo hapo: "Baba, kidole kiko mfukoni, kimeonaje?" Wageni walidhani tunamwita hivyo kwa sababu ya ukali. Wapi! Hakuna mcheshi kama yeye, na katika uwanja mzima hakuna aliyekuwa akilowa kuliko yeye.

Kazi yake aliianza kwa kutaja jina la Mungu, ndipo akafungua maji. Alianzia juu ya paa, akashuka, magurudumu yakawa ya mwisho na kitambaa chake peke yake, maana mchanga wa tairi ukipanda kwenye boneti unachora. Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuza sponji. Maji ya bomba letu yana chumvi, yakikauka yenyewe yanaacha vidoa vyeupe, kwa hiyo alikinga mvua kwenye pipa na kuyatunza maji yale kwa kumiminia mara ya mwisho. Aliyamimina taratibu, yateleze kama shuka. Kisha taulo: hakusugua. Aliitandaza juu ya boneti, akaishika ncha mbili, akaivuta kuelekea kwake polepole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Hapakubaki mchirizi.

Baada ya hapo dereva alizungusha gari uwanjani mara moja ili maji yaliyojificha kwenye vioo na mikono ya milango yatoke. Mama Kavu alisubiri pembeni na kitambaa kikavu, amesimama, na kiti cha kando ya dereva kikizunguka kitupu. Niwaeleze kwa nini kilikuwa kitupu.

Miaka ya nyuma mvua kubwa ilimkuta amemaliza tu kulifuta lile gari refu la kijivu la kubebea wageni. Dereva wake wa wakati huo akamwambia, "Ingia nyuma, mama, utaloa bure." Akavua mabuti ya mpira akayaacha nje, akatandika taulo juu ya kiti, akakaa juu ya taulo. Mkuu wa usafiri wa enzi hizo akatokea na mwavuli, akafungua mlango. "Wewe umeajiriwa kuosha viti, si kuvikalia." Akashuka peku. Akakifuta kile kiti, mgongo wake nje kwenye mvua, akafunga mlango. Kiti kilikuwa kikavu kabisa. Tulikishika kwa mikono yetu.

Tangu siku ile alisafisha ndani akiwa amepiga goti moja kwenye zulia la gari. Magoti yake leo yanalia akipanda ngazi, na waliomo humu ndani wanajua ngazi za ofisi hii ni nyingi.

Likaja la banda. Tulikuwa na banda la bati la kuoshea, lenye kivuli kizuri. Wakubwa wakaona magari yao binafsi yanaungua, wakayaingiza bandani, Mama Kavu akatolewa nje, akaoshee juani. Anayeosha gari anajua jua ni nini: maji yanakauka kabla taulo haijafika. Wiki ile ile gari likatoka na madoa, akaitwa mbele ya watu, akaonyeshwa kwa kidole. Aliposema ni jua, akajibiwa, "Jua halijaanza leo." Kesho yake akatuambia, "Wanangu, tutakifuata kivuli cha ghorofa." Ikawa asubuhi tunaegesha upande wa machweo, mchana hatuoshi, alasiri tunahamia upande wa pili. Anaosha kipande, anakausha kipande, tunasogeza. Madoa hayakurudi. Aliyesema shukrani sikumsikia.

Sasa nije kwenye lililotuuma. Kule anakoishi majirani wamemtania miaka yote. "Shoga, hayo magari unayoyaosha ni ya malaika? Mbona hatuyaoni?" Yeye hucheka. Lakini mjukuu wake anayeishi naye, mtoto wa binti yake mkubwa, alianza kumuuliza kwa dhati kama kweli ana kazi ya magari, maana kila jioni anamwona anakuja kwa miguu na ndala zimelowa. Mama Kavu akamwahidi: siku nikistaafu, bibi yako ataletwa na gari refu la kijivu, nimekaa nyuma, vioo vimeshushwa, kila mtu aone.

Mwezi uliopita akapanda zile ngazi na magoti yale, akaomba. Hakuomba kingine. Hakuomba shangwe wala maua. Apelekwe nyumbani leo, mchana, mara moja. Mkuu wa usafiri wa sasa alimsikiliza kwa upole, nisimsingizie. Akasema, "Mama, tukianza na wewe, kesho kila mtu atataka."

Kila mtu yupi? Mwoshaji tulikuwa naye mmoja.

Aliposhuka nilimuuliza, "Vipi, mama?" Akachukua sponji. "Wamesema gari ni la kazi, baba. Na kweli ni la kazi." Akaendelea na tairi. Nina hakika Mungu ameliona goti lile likiinama.

Leo alfajiri, siku yake ya mwisho, kabla ukurasa huu haujapelekwa kuchapwa, ameliosha gari la kijivu kwa sababu hajapatikana wa kumrithi. Ndilo linalomleta mgeni wa heshima kwenye sherehe ya Mama Kavu. Ameuliza, "Kavu?" na dereva amepitisha kidole, akajibu, "Kavu, mama." Na zawadi ambayo ofisi imemwandalia, mtaiona ikifunguliwa hapo mbele, ni taulo. Nzuri, nene, seti kamili. Tafadhali mpigeni makofi yeye, si taulo.

Mama, asante. Kila tulipofika mahali tukasifiwa kwa usafi, sifa zilikuwa zako na sisi tulizipokea tukiwa tumekaa. Asante kwa kutufundisha kutazama chini ya kioo. Asante kwa dua ulizotusomea kabla ya safari ndefu, na tulirudi salama.

Mwisho, tangazo kwa wageni wetu. Ratiba ikimalizika, tunawaomba msubiri hapa ukumbini kwa uvumilivu. Magari yote yako uwanjani, hayana doa wala mchirizi, na funguo zimetundikwa ubaoni. Madereva hatutakuwepo. Sote tutakuwa tumevaa sare zetu, tunamsindikiza Mama Kavu mpaka mlangoni kwake kwa miguu, kupitia sokoni, kati ya majirani, ili mjukuu wake atuone. Ni mwendo mrefu, na hatutamharakisha kwa sababu ya magoti.

Tunakutakia, mama, mikono mikavu, magoti yasiyouma, na siku nyingi za kukaa kitako bila mtu wa kukuinua.